Mshipa wa Aibu

Jumanne, Gungu

Darasa zima limecheka, nami nikakasirika bure. Nilikuwa nafundisha mfumo wa neva, Zuhura akanyoosha mkono: "Mwalimu, na mshipa wa aibu uko wapi? Mama anasema wangu ulishakatika."

Nikamwambia akae. Nikaendelea: seli za neva hazigusani. Kati yake kuna mwanya mdogo sana. Umeme ukifika mwisho wa seli moja, seli hiyo inamwaga kemikali, kemikali inavuka mwanya, ndipo seli ya pili inapata habari.

"Na isipomwaga?" akauliza tena.

"Ya pili haijui kitu," nikasema, nikageukia ubao.

Mume wangu Hamisi yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, tangu tugombane. Anangoja nianze mimi, nami nangoja aanze yeye. Leo tena nimepika ugali wa watu wawili, mazoea tu, na migebuka, samaki wa ziwani, wamepoa mezani. Kutwa najidai nina hasira. Si hasira, ni aibu.

Basi, mshipa wangu nimeukata. Nimemwandikia kwenye simu, "Umekula?"

Mpaka sasa ni tiki moja, ujumbe haujavuka.