Nilimpiga mnada Kadena

Uvira, Jumamosi jioni. Mvua ya jana imeacha uwanja wetu wa Songo na matope, na moyo wangu nao hauko sawa. Sina hamu ya chakula. Ninaandika kwa sababu nisipoandika nitaendelea kujidanganya.

Kwa asiyejua, mimi na rafiki yangu Batisti ndio tulioleta kriketi mtaani kwetu, tulipotoka kufanya kazi Kigali tukiwa na gongo moja la kupigia na mipira mitatu. Barua yetu ya kuomba uwanja ilipofika ofisi ya mtaa, karani alituuliza hao panzi tutawafuga au tutawauza, maana kwa Kifaransa criquet ni panzi. Mpaka leo wanatuita Wapanzi, na tumeshazoea.

Batisti hapigi mpira mbali. Kazi yake ni kusimama mbele ya vile vijiti vitatu na kuvilinda, maana mpira ukivigonga umetolewa. Mrushaji atarusha mpaka bega limuume, Batisti yupo tu. Tulimwita Kadena, yaani kufuli. Katika mechi yetu ya siku mbili na timu ya Kamanyola, Jumamosi kutwa na Jumapili baada ya misa, ndiye aliyetuokoa kila mwaka.

Halafu zikaja zile ligi za kriketi tunazozitazama kwenye simu. Timu ni mali ya matajiri, wachezaji wananunuliwa mnadani, mechi inaisha kwa saa tatu au nne na kila mtu anataka kupiga mpira uende juu. Zilishika moto India, leo ziko Uarabuni, Afrika Kusini, mpaka Amerika, na tajiri mmoja anaweza kuwa na timu katika mabara mawili au matatu. Wachezaji wakubwa wanaziacha timu za nchi zao na kuzifuata. Ile mechi ya siku tano, ya nchi na nchi, inatafutiwa nafasi kama mgeni aliyefika bila taarifa.

Mimi sikuona ubaya wowote. Niliona taa, muziki na watu wamejaa, nikatamani.

Mwaka jana nikaanzisha Ligi ya Songo. Timu nne: ya muuza simenti, ya mwenye duka la simu, ya mwenye depo ya vinywaji, na yangu. Wachezaji tukawapiga mnada kwa kreti za soda. Nilipanda juu ya benchi, mbele ya mtaa mzima, nikaanza kuita majina.

Nilipofika kwa Batisti niliita mara tatu, vile nilivyoona kwenye simu. Hakuna aliyeinua mkono. Watu wakacheka. Batisti naye akacheka, akachukua kofia yake, akaenda.

Hajarudi uwanjani tena.

Mama yake alinisimamisha sokoni, mbele ya wenzake wanaouza ndagala, dagaa wa ziwani, akaniuliza nani alinipa ruhusa ya kumuuza mtoto wake, tena akakosa mnunuzi. Nilicheka, nikamweleza kwamba ni mchezo. Nami ni mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa ziwa hili, walioleta nguo na chumvi, na wengine wao walipeleka watu kuuzwa. Nyumbani kwetu hilo halisemwi. Katika Uvira nzima, mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba jina la mtu haliitwi mnadani.

Leo Kamanyola walikuja kucheza ile mechi ya zamani. Vijana wetu walitolewa wote upesi, katika zamu zao zote mbili za kupiga, kila mmoja akitaka kupeleka mpira ziwani. Mmoja tu alijaribu kujilinda, na wenzake wakamzomea. Mechi ya siku mbili iliisha kabla ya saa tisa.

Nikaenda kwa Batisti, na viatu vya matope. Alinipa kiti na chai. Nikamwomba arudi, nikamwambia tumekosa mtu wa kusimama.

“Wale matajiri hawanijue, haina neno,” alisema. “Lakini weye ulikuwa na nafasi moja mu timu yako. Na uliita jina yangu mara tatu.”

Nilidhani hakuna aliyeiona nafasi hiyo.

Nikamjibu kwamba mwenye kuita mnada haruhusiwi kununua. Uongo. Kanuni hiyo haipo, niliitunga palepale kikombe kikiwa mkononi. Ile nafasi nilikuwa nimemwekea jamaa mmoja wa Kamanyola anayepiga mbali, na hakuja hata siku moja.

Batisti aliitika kwa kichwa, akaniongezea chai.

Kesho Jumapili nitamsubiri atoke misa. Sitamwomba acheze. Nitamwambia kwamba nafasi nilikuwa nayo, kwamba nilimtazama usoni, na bado nikaita mara ya tatu.