Rubisi ya Faini ya Mukabera

Nyakatuntu,
S.L.P. 41,
Karagwe.
17 Julai 1988

Mpendwa dada Deodatha,

Shikamoo dada. Hujambo na shemeji Xaveri? Kile kifua kimeacha kukusumbua, au vumbi la Tabora bado linakutesa? Sisi huku ni wazima. Mama bado anakwenda kanisani kwa miguu yake, na akikuta mtu amekaa nafasi yake anamwondoa.

Kahawa tumeshaianika, mwaka huu imezaa. Ng'ombe wako amezaa ndama jike. Binti yetu Therese naye ameshatolewa mahari, harusi ni Septemba Mungu akipenda. Hilo la Therese ndilo lililonishikisha kalamu, lakini kabla sijalifikia nina jambo la kukiri.

Dada, niliyokuandikia wakati wa Pasaka yalikuwa uongo. Nilikwambia Placidia amekubali kulishwa dawa za kichawi ili afunge kizazi, na aliyemlisha ni Mukabera. Ukanijibu hutakanyaga kwangu wala kula chakula cha mke wangu. Ulikasirika kwa haki, ila ulikasirikia uongo wangu.

Ukweli ni huu. Unakumbuka Placidia alipomzaa Leonidas alivyotoka damu, tukambeba kwa machela hadi hospitali. Daktari aliniambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, kwamba mimba nyingine itamuua. Nikaitikia ndiyo. Tukarudi nyumbani nikafanya kama sikusikia, na Placidia alipojaribu kunikumbusha nikamwambia anyamaze, watoto huletwa na Mungu.

Basi akaenda kwa Mukabera. Huyu pengine humjui vizuri, ni mjane wa Twagirayezu, yule seremala aliyekuja kutoka Rwanda na wazazi wake. Alipata mafunzo ya uzazi wa majira, akarudi kuwafundisha wenzake nyumba kwa nyumba. Tena hakuishia hapo. Zahanati yetu ilikuwa haimpi mwanamke dawa ya kupanga uzazi mpaka mume au balozi wa nyumba kumi aseme ndiyo. Mukabera akasimama mbele ya serikali ya kijiji, na sisi wanaume wote tumekaa, akauliza, “Akifa kwa uzazi, balozi ndiye atakayenyonyesha?” Watu walicheka, lakini balozi ni mimi. Mimi sikucheka.

Niliposikia kwamba hata mke wangu ni mwanafunzi wake, niliona aibu. Kwenye pombe wenzangu walikuwa wakiniuliza nani anaongoza nyumba yangu. Nikampeleka Mukabera mbele ya wazee. Nikasema anaingilia nyumba za watu. Halafu nikasema lile ambalo mpaka leo linaniwasha mdomoni, kwamba yeye ni mgeni aliyekuja kupunguza koo zetu. Nilijua neno hilo litawaka, nikalitupa makusudi.

Wazee wakampiga faini ya pombe ya rubisi, madebe manne ndani ya wiki mbili, la sivyo ahame. Hiyo idadi niliitaja mimi. Nilijua hana kibanja cha maana, anaishi kwenye kipande cha kuazima, ndizi za pombe atazitoa wapi?

Kumbe sikuwajua wanawake wa kwetu. Kila mmoja alikata mkungu kwenye kibanja cha mumewe akampelekea. Ndizi zikavundikwa, zikaiva. Hapo wakakwama, kwa sababu unajua kwetu mwanamke hakanyagi pombe, na hakuna mwanamume aliyekubali kuingia kwenye mtumbwi wa obwato kumkanyagia mtu niliyemshitaki mimi.

Siku hiyo nikakuta mkungu wangu haupo mgombani. Nikaenda kwa Mukabera nimefura kama chura. Nikawakuta wamezunguka ule mtumbwi wa kukanyagia, wanakamua ndizi kwa mikono na majani, jasho linawatoka, na juisi haijafika hata nusu debe. Placidia yumo. Bibi Kemilembe, yule mjane jirani yetu asiye na breki mdomoni, akanipokea.

“Karibu balozi! Umeleta miguu au umeleta mdomo tu?”

“Nimefuata mkungu wangu,” nikasema.

“Mkungu huo hapo, umeshakuwa uji. Ingia uutafute. Au miguu nayo ina mimba?”

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikataka kufoka, ila Placidia hakucheka. Akafuta mikono, akanisogelea.

“Baba Therese,” akasema polepole, “wewe ndiye uliyeshika machela mbele. Umeshasahau nilivyokuwa mzito?”

Dada, sikuwa nimesahau. Njia nzima nilimsikia nyuma yangu anawataja watoto mmoja mmoja kama anawaaga. Nikavua viatu. Mukabera akanyoosha mkono kunizuia.

“Hatukukuita ukanyage, balozi. Kama unaingia kwa sababu umechekwa, kaa nje, tutamaliza wenyewe hata ikichukua siku tatu. Ingia kama umejua kosa lako.”

Nikamwambia, “Nimelijua, mama. Nilikuita mgeni. Nilisema uongo juu yako na juu ya mke wangu.” Nikanawa miguu, nikaingia. Nimekanyaga rubisi tangu ujana, lakini kukanyaga faini niliyoipanga mwenyewe, huku wanawake wananiimbia, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya kuipeleka, mzee Polikarpi alionja akasifu, akauliza nani amekanyaga. Nikasimama. Nikasema ni mimi, na kosa ni langu, na daktari alinionya mwenyewe. Wengine walitema mate wakaondoka. Mmoja wao, Rwegoshora, mpaka leo hanisalimii. Lakini wengi walikunywa, na faini ikinywewa kesi imekwisha, hakuna wa kumhamisha Mukabera. Hapo hapo nikatangaza kwamba katika nyumba zangu kumi hakuna mwanamke atakayehitaji neno la balozi kwenda zahanati. Balozi Egbert naye ameshanifuata. Wengine watakuja tu, maana Mukabera hachoki. Wiki ijayo yeye na wenzake wanakwenda kufundisha Kituntu, na Placidia yumo. Mimi nabaki na Leonidas.

Sasa Therese. Wewe ndiye shangazi yake, na bila shangazi hakuna wa kumweka mwali ndani na kumfunza. Usikubali uongo wangu umnyime haki yake. Njoo dada. Utakapokaa naye mfundishe yote mliyofundishwa ninyi, halafu ongeza ambalo shangazi zetu hawakusema, kwamba mwili ni wake, na kuzaa ni la kukubaliana wawili. Likitoka kwako atalishika kuliko likitoka kwa mtu mwingine yeyote.

Na jibu usiniletee mimi. Ulimkosea Placidia kwa ajili yangu, basi mwandikie yeye, kwa jina lake. Sitaifungua barua yake.

Nisalimie sana shemeji Xaveri, na wapwa zangu wote hapo. Mama anakupa baraka zake, Mungu akulinde njiani hadi utakapoingia uani kwetu.

Mdogo wako anayekupenda na kukuomba radhi,
Projest