Salama ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kati ya wodi zote hospitalini, mama mkwe kalazwa kwangu! Kapasuliwa asubuhi, mawe ya nyongo yametolewa, mshono unaanzia chini ya mbavu. Gauni la kazi nimelipiga pasi kama naenda kuposwa upya. Nyumbani mtoto kalia jino, nikampa dawa kabla hajamaliza kufungua mdomo. Nesi hodari mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kitanda kwa kitanda. Mmeamkaje? Salama. Mama, umeamkaje? Salama, mwanangu, mtoto hajambo? Safi! Wote nikaandika: maumivu hakuna. Nikampigia baba watoto, nikamwambia mama yako ni chuma. Kajivuna huyo!

Jumatano, 5 Machi

Siku ya aibu. Kaja kaka wa mazoezi ya viungo amwinue mama mkwe atembee. Hainuki. Basi akohoe. Mama akasema yeye huwa hakohoi. Nikamuuliza: kwa nini, Mama?

— Nikikohoa nakufa.

Kaka kasoma nilichoandika, kaniangalia, karudi kusoma. Angalau hakucheka.

Kumbe nilikuwa nawaamkia, siwaulizi! Nani ataamkiwa ajibu "vibaya", tena aamkiwe na mkwewe? Chuo kizima nimesomea kusalimia.

Na kifua chake kimeanza kukoroma. Joto limepanda. Anavuta pumzi kidogo kidogo kama anaiba. Asipokohoa makohozi hayatoki; akiendelea hivi ni nimonia, na kwa umri wake sitaki hata kuandika. Vidonge anavyopewa havifui dafu.

Nikarudia wodi nzima, safari hii kwa swali: ukijigeuza, inauma wapi? Lo! Kama nimefungulia bomba. Yule wa kitanda cha mlangoni kalia kabisa.

Sista mkuu — tunamwita Bi Funguo, kabati la dawa kali ni lake — kaja juu. Eti nimewafundisha wagonjwa kulalamika! Nikamwambia walikuwa wanajua siku zote, sisi ndio hatukuuliza. Sauti ilitetemeka kama ya mbuzi, lakini ilitoka.

Jioni daktari kamwandikia Mama mofini, ile dawa kali ya maumivu. Bi Funguo akanuna: hiyo si ya wanaoondoka duniani? Ningemcheka, ila na mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo, nimekaa tu kimya nionekane msomi. Daktari kasema kwa kipimo hiki hataondoka, atakohoa. Ataanza kesho asubuhi.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Funguo kanipimia dawa mwenyewe. Mama kasikia "mofini" na mdomo kaufunga. Baadaye kaufungua, bora asingeufungua:

— Mwanangu, nimekukosea nini?

Mbele ya wodi nzima! Nikaeleza: ni kidogo tu, sitabanduka hapa, nitakuwa naangalia unavyopumua.

— Basi onja wewe kwanza.

— Mama, nanyonyesha!

— Ahaa. Kumbe unajua ni sumu.

Wodi imeangua kicheko. Wenye mishono wameishika mishono. Hata mimi nimecheka, nikaona haya, nikacheka tena.

Baba watoto kapiga simu: mlazimishe. Nikamwambia njoo umlazimishe wewe. Kakumbuka ana kazi nyingi. Mimi simlazimishi mtu mzima. Lakini siondoki!

Naandika hapa hapa, daftari juu ya goti, kikombe cha dawa mkono wa kushoto. Nimemwambia: Mama, leo sikuamkii. Nakuuliza. Inauma?

Kaangalia dirishani. Kauliza mtoto kaachwa na nani. Kasema pazia la hapa linataka kufuliwa. Halafu kikohozi kikamponyoka, kidogo tu, na uso wote ukakunjamana. Kafuta macho haraka, kanichungulia kama nimeona.

Nimeona, Mama.

Sasa kanyoosha mkono, kaushika mkono wangu huu wenye kikombe. Mkono wake una joto. Hausukumi. Wala hauvuti.