Meza ya Bi Ouida

Okatoma Springs, Mississippi
Septemba 3

Dada yangu mpendwa Verdell,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kusini, ambako joto halijakubali kwamba Agosti imekwisha. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limepunguza maudhi, na yule daktari wa masikio ameacha kukuuzia vifaa visivyosikia chochote. Sisi hatujambo. Bamia zimezaa mpaka nagawa kwa nguvu. Mtu akisimamisha gari kuuliza njia, anaondoka na mfuko. Mume wangu Lamar anakusalimu, na nimemkataza kabisa kukupigia simu, kwa kuwa habari za ndugu yetu Hollis nataka uzipate kwangu, na kwenye simu unanilazimisha kupiga kelele. Humu ndani mna jambo moja nisilotaka kulipigia kelele. Wala usirukie ukurasa wa mwisho, nakujua!

Unakumbuka Hollis alivyostaafishwa. Miaka ishirini na sita amezisoma mita za umeme kwa miguu, biskuti za mbwa zimejaa mfukoni, kisha kampuni ikaleta mita zinazojisoma zenyewe, naye akapewa saa ya ukutani na chakula cha mchana. Tangu mkewe alipofariki alikuwa akikaa tu varandani kwake. Basi mwezi wa kwanza kampuni ikaomba kupandisha bei, na Hollis akaenda Jackson, makao makuu ya jimbo, kuzungumza mbele ya ile tume ya watu watatu wanaoamua bei hizo. Akapewa dakika tatu, na kipaza sauti kikazimwa hata dakika ya pili haijaisha. Alirudi hapa kwangu, akakataa chakula, akasema atagombea kiti cha tume cha wilaya yetu ya kusini.

Dada, nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Akasema ameona nyua za nyuma ambako mita husimama kimya katikati ya Agosti, kwa sababu bibi wa watu amezima kipoza hewa akiogopa bili, amekaa ndani anaiva. Akasema wale watatu hawajawahi kuuona uwanja wa nyuma wa mtu yeyote. Hapo kicheko kikanikauka. Nikamuuliza kama gari lake lina matairi mazima.

Umekaa Toledo miaka hamsini, pengine umesahau mambo yetu. Vyama ni viwili, na kila kimoja huchuja wagombea wake siku hiyohiyo, ukumbi uleule wa kanisa, ila meza mbalimbali. Ukikaa meza hii, ile nyingine si yako. Sisi akina Stringer tangu enzi za baba tunakwenda meza ya kushoto, anayoisimamia Bi Ouida, kwa sababu huko ndiko anakoamuliwa sherifu, na sherifu ndiye anayekuja kuku wako wakiibwa. Lakini kiti hiki cha umeme huamuliwa meza ya kulia. Hollis akaamua kugombea huko. Wapo walionuna. Yeye akawaambia amesoma mita za nyumba za vyama vyote viwili, na zote zinazunguka upande mmoja.

Nikawa mkuu wa kampeni, mimi niliyeongoza jiko la shule tu. Pesa za mabango hatukuwa nazo, tukachapisha vipepeo vya mkono, vile vya kadi vya kujipepea kanisani. Upande mmoja picha ya Hollis, upande wa pili maneno: "Umeme ukikatika, pepea." Watu walivigombea! Tulipofika kaunti ya pili, waumini walikuwa wanajipepea na uso wa ndugu yako huku mchungaji akihubiri jehanamu.

Na mbwa, Dada. Kila uwanja tulioingia, mbwa walimjua. Mmoja huko Wiggins, mzee, kipofu, alimfuata mpaka jukwaani akalala juu ya viatu vyake.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa wakili mmoja wa Pwani, Bwana Garrick, mwenye meno mengi kuliko sera. Aligombea pia mama mmoja mfuga nyuki, mtu mwema, tulinunua asali yake. Kwenye maonyesho ya kaunti, kila mgombea akipewa dakika saba, Garrick alimnyooshea Hollis kidole akasema, jamani, huyu ni msoma mita, akifika tumeni atasoma nini? Watu wakacheka. Hollis akapanda taratibu, akamuuliza, "Bwana Garrick, bili yako ya mwezi uliopita ilikuwa kiasi gani?" Garrick akasema mambo hayo anayashughulikia karani wake. Hollis akawageukia watu, akauliza nani hapa hajui bili yake. Hakuna aliyeinua mkono. Ee Mola wangu, ule ukelele! Mama mmoja alimrushia Garrick mahindi ya kuchemsha.

Basi siku ya kura ikafika. Asubuhi na mapema nilikaa jikoni na daftari la ukoo, nikawapigia simu ndugu zetu wote wa hapa, mmoja baada ya mwingine, arobaini na watatu, nikawaamuru waende mapema kabla jua halijakasirika. Walikwenda wote. Hakuna aliyebaki kitandani, hata Shangazi Zelpha mwenye miaka tisini na moja alipelekwa na kiti chake.

Matokeo yalipotoka, wilaya nzima Hollis alikuwa mbele! Lakini ili kumaliza kazi mgombea lazima avuke nusu, naye alikosa nusu kwa kura thelathini na moja. Thelathini na moja! Kwa hiyo ikabidi duru ya pili baada ya wiki tatu, yeye na Garrick peke yao. Lakini si hilo lililomuumiza. Kilichomuumiza ni kituo chetu, kanisa letu wenyewe. Garrick alipata sitini na moja. Hollis alipata tisa, na moja kati ya hizo tisa ni yake.

Gazeti likaandika kwamba wanaomjua zaidi ndio wasiomtaka. Watu wa Garrick walipita na gari wakipaza sauti, "Hollis, kikulacho ki nguoni mwako!" Mchungaji akaja kumfariji kwa maneno ya Biblia, kwamba nabii hakosi heshima ila kwao, akaharibu kabisa.

Siku ya pili yake vyakula vikaanza kuingia. Unajua sisi, mtu akifiwa hatuna maneno, tuna bakuli. Binamu Thurman alileta bega la nguruwe. Wasichana wa binamu Corinne walileta pudini ya ndizi. Shangazi Zelpha, ambaye hajagusa unga tangu apasuliwe jicho, alituma pai ya kokwa za pekani. Kila mmoja aliweka chombo chake mezani kwa Hollis, akatazama sakafu, akasema ana haraka. Hollis alikaa katikati ya pai kumi na moja kama marehemu aliyechelewa kuzikwa.

Kisha akaanza mambo yake. Alimrudishia Thurman ngazi aliyoiazima mwaka ule wa kimbunga, ameisugua na kuipaka rangi. Alikwenda kwa Corinne kuomba radhi kwa kutofika harusini, na Corinne mume mwenyewe ameshamwacha. Alimwandikia Dewitt, binamu yetu anayegombea usherifu, kwamba kama kuna neno alilolisema vibaya asamehewe. Nikamuuliza vipi. Akaniambia anapita kwa kila mmoja wa ukoo, anatafuta alimkosea nani. "Ozella," akasema, "kiti nikikosa nitalala. Lakini watu wangu wote? Nimewafanya nini?" Nilimwambia ale pai.

Duru ya pili, ndugu walifanya kazi usiyoweza kuamini. Wiki tatu nzima walizunguka kaunti za watu, vipepeo mkononi, mlango kwa mlango. Siku yenyewe ya kura hakubaki Stringer hata mmoja hapa kijijini. Wote walikuwa mbali wakibeba wazee wa wengine kuwapeleka vituoni. Thurman alipasukiwa na tairi mara mbili. Hollis alikuwa haelewi. Aliniambia labda wanaona aibu. Nikasema labda.

Na akashinda, Dada! Ameshinda kwa kura mia sita na nane! Nilipiga kelele mpaka Lamar akadhani nyoka ameingia. Garrick alimpigia simu akampongeza kiungwana, na amesema ameanza kusoma bili zake.

Jana mchana tulikaanga kambare uani kwa Hollis, ukoo mzima, na chai baridi ya kumwaga. Akapanda juu ya kreti kushukuru. Akawashukuru mbwa. Akawashukuru ndugu kwa jasho lao, ingawa hapo alipita haraka. Kisha akanishika mkono, akasema katika kituo chetu walikuwepo watu tisa tu walioamini, na anajua kura ya kwanza kabisa kati ya hizo ilikuwa ya dada yake Ozella. Watu arobaini na wawili wakatazama sahani zao. Lamar alitazama samaki wake kama anasoma gazeti.

Dada, sasa nisikilize, kwa maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ile asubuhi ya simu, nilikuwa na kikombe mkono mmoja na daftari mkono wa pili, na kila aliyepokea nilimwambia maneno yaleyale niliyoyasema miaka yote: nenda kwa Bi Ouida, meza ya siku zote. Mimi! Mimi niliyezunguka kaunti zote nikiwaelekeza wageni meza ya kulia, nyumbani kwangu mwenyewe ulimi ukashika njia yake ya zamani. Ndugu arobaini na watatu nimewapeleka meza ambayo Hollis hayumo. Shangazi Zelpha alilitafuta jina lake mpaka akadhani amejitoa. Wengine walifikiri ataletwa kwenye karatasi ya pili. Na aliyepiga kura meza moja, duru ya pili haruhusiwi kuhamia nyingine. Ndiyo maana walikwenda kaunti za mbali; kura hapa hawakuwa nayo.

Na hilo si lote. Nilipokwenda mwenyewe saa sita, Bi Ouida alinisalimu, akauliza habari za bamia, nikatia saini bila kuangalia. Nilikwishamwekea alama Dewitt ndipo nikamtafuta Hollis. Nikageuza karatasi. Nikaigeuza tena. Hapo ndipo nilipojua. Ningeweza kusema palepale, Bi Ouida, nimekosea meza, nibadilishie. Lakini ukumbi ulijaa, na mimi ndiye mkuu wa kampeni. Niliona aibu. Nikaitumbukiza. Hata kura yangu moja, ambayo ningeweza kuiokoa, sikuiokoa. Kisha wiki tatu nikamtazama mdogo wetu akirudisha ngazi na kuomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya, nami nikamwambia ale pai. Ndugu walijua, wakaninyamazia kwa heshima. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, Verdell, kwamba mimi ndiye niliyemwacha aamini hapendwi.

Lakini mficha uchi hazai. Nilipoona ananishukuru mbele ya watu, nikamwambia ashuke kwenye kreti, nikapanda mimi, nikayasema yote, hata ya saini. Mafuta ya samaki yakaendelea kuchemka. Hollis akaniuliza polepole kama na Shangazi Zelpha pia. Nikasema na Shangazi Zelpha. Na Thurman? Na Thurman. Corinne na wanawe? Wote, nikamwambia, hata Lamar ninayelala naye.

Akakaa juu ya sanduku la barafu, akajifunika kipepeo chenye uso wake mwenyewe, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemuua. Nikamwondolea kipepeo. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, machozi mpaka kidevuni, akisema, "Kumbe hamkunikataa. Kumbe mlikwenda wote." Akarudia hivyo mara nyingi, kila aliyemkumbatia anamwambia ulikwenda, na wewe ulikwenda. Kisha akapangusa uso, akasimama, akapiga kelele, "Thurman! Ile ngazi naitaka kesho asubuhi!" Thurman akasema ngazi ni yake. Hollis akasema hajali, aliitoa kwa kudanganywa.

Mimi bado hajanisemesha vizuri. Amesema atanisamehe bamia zikiisha, na bamia unazijua. Lakini leo asubuhi nimeikuta mita yangu imefutwa vumbi, na chini yake biskuti moja ya mbwa.

Nisalimie majirani zako wote na yule paka mwenye kiburi. Kunywa dawa, usipande ngazi ya mtu, na ukimwandikia Hollis mwambie unajivunia, kwani kwako bado anangoja kusifiwa kama mtoto. Tunakupenda na tunakuombea. Uchaguzi wenyewe ni Novemba, vyama vyote kwenye meza moja tu. Nimemuuliza Bi Ouida mara tatu.

Mdogo wako mkosaji,
Ozella