Nilifunga Kwaresima, Nikafungua kwa Adhana

Kwako Mshauri ninayekuheshimu,

Niwie radhi kwanza kwa urefu wa barua hii, na niwie radhi pia kwa sababu jambo lenyewe, likitazamwa na mtu wa mbali, ni jambo la sahani ya chakula tu, nami naona haya kumsumbua mtu mwenye shughuli zake kwa ajili ya sahani. Lakini limeniondolea usingizi, na hapa kisiwani hakuna Mkristo hata mmoja ninayeweza kumwuliza bila swali langu kufika kanisani kabla yangu.

Mimi ni mgane, mwalimu mstaafu, niliyelelewa na kusomeshwa katika misheni huko bara, na nilipoletwa Faza kufundisha nilidhani nitakaa kidogo nirudi, nikakaa mpaka nikastaafu, kisha nikabaki, kwa kuwa marehemu mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mueni (majina yote nimeyabadilisha, naomba uniruhusu), aliupenda mji huu kuliko mji aliozaliwa. Kanisa letu ni dogo, tunasali katika chumba cha kukodi, na waumini wake ni walimu, askari, wauguzi na maafisa walioletwa na uhamisho na ambao uhamisho utawaondoa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa muda mrefu kuliko wote, ufunguo wa chumba hukaa kwangu, na somo la kwanza la Jumapili husomwa nami. Kasisi wetu huvuka kwa boti kutoka Lamu mara moja kwa mwezi. Siku nyingine tunaongozwa na mwenyekiti wa baraza la kanisa, Bwana Crispus, ambaye ni afisa wa serikali na, nakiri kwa moyo mweupe, ni mtu mwenye bidii.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Bi Fahima, anayeishi na mwanawe Kamaludin na mkaza mwanawe. Mueni alipougua, Bi Fahima ndiye aliyekuwa akimkalisha kitandani na kumlisha uji, na tangu alipofariki, kila Ramadhani huniletea sahani ya futari, mbaazi za nazi, mkate wa sinia, kaimati, kwa namna ambayo mtu hawezi kukataa bila kuvunja heshima. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Kwetu tulizoea kufunga mpaka alasiri, lakini nilipofikiri kwamba nitawasha jiko wakati ambapo nyumba ya pili mtu hajaonja hata maji, na harufu ya kitunguu changu itapanda ukuta iwafuate wenyewe, niliona si adabu, nikaamua funga yangu ya Kwaresima niifikishe magharibi, nile wanapokula wao. Nikawa nakaa barazani na sahani yangu mapajani nikisubiri adhana, kisha nasali sala yangu ya mezani, kwa jina la Yesu, kama nilivyofundishwa utotoni, ndipo nakula. Sikuona ubaya. Kamaludin akipita kwenda msikitini hunichekea na kusema, "Mwalimu, mwaka huu wafunga kutushinda!"

Kumbe waumini wenzangu nao walikuwa wakipita. Nikaanza kuitwa Ustadhi, kwanza kwa mzaha. Mama Ian, kiongozi wa akina mama, alinisimamisha njiani mbele ya watu akaniuliza, "Mzee, tunasikia siku hizi unangoja adhana. Kanzu utashona lini, tuchange?" Wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa sikujua la kufanya na uso wangu.

Sasa naja kwenye sehemu ninayoiandika kwa shida, kwa maana si desturi yangu kumtaja mtu akiwa hayupo. Baraza lilikuwa limetangaza kwamba kila Ijumaa ya Kwaresima kanisa zima litafunga mpaka saa tisa, na tangazo lilisomwa na Bwana Crispus mwenyewe kwa sauti ya kututia hofu. Ijumaa moja adhuhuri nilikwenda kufagia chumba cha kanisa, nikashangaa kukuta mlango umerudishwa tu na madirisha yote yamefungwa katika joto lile, nikausukuma, na ndani walikuwako Bwana Crispus, Mama Ian na kijana wetu mmoja askari aitwaye Kiprotich, wameizunguka karatasi iliyotandazwa juu ya benchi, na juu yake chapati na samaki wa kukaanga. Walikuwa wamepata ufunguo wa pili, ambao sikujua kwamba upo. Kiprotich aliruka akasema, "Mwalimu, funga mlango bwana, Waislamu wataona!" Bwana Crispus yeye hakuinuka, alisema, "Karibu Mwalimu, keti. Mungu anayajua matumbo ya watu wa ofisi." Nami nikasema, "Niwieni radhi, sikubisha hodi," nikatoka, nikawafungia mlango taratibu. Sikumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliitwa mbele ya baraza. Bwana Crispus alisema, "Mwalimu, sisi hatukuhukumu, tunakuonea uchungu tu. Kanisa limekwazika. Mkristo anayefungua kwa adhana, amefunga funga ya nani?" Wakaniambia niache mara moja kupokea sahani ya Bi Fahima, nisisome somo, na Jumapili ya Mitende nisimame mbele ya kanisa nitubu, la sivyo siku ya Pasaka nisisogee kwenye Meza ya Bwana. Mshauri, niliwaambia asanteni. Nilifika nyumbani ndipo nikajiuliza nimewashukuru kwa lipi.

Na jioni ile ile nikafanya jambo lililonileta kwako. Bi Fahima alipopiga hodi na sahani, sikuweza kumwambia kwamba kanisa langu limekiita kichafu chakula chake, basi nikamwambia daktari amenikataza mafuta na chumvi. Akaniuliza, "Ni presha, Mwalimu, ama ni sukari?" Nikasema ni presha. Akasema, "Ukawa wanyamaa! Nti hii huna mtu?" kana kwamba kunyamaza na maradhi katika nchi yenye majirani ni kosa. Kesho yake akaja na sahani nyingine, samaki wa kuchemsha na wali mkavu, aliyonipikia peke yangu katika chungu chake mbali, ilhali yeye amefunga na joto la jiko liko usoni mwake. Idi imepita, sasa yumo katika zile funga za siku sita zinazofuata Idi, na bado analeta chakula kile kisicho na chumvi, na Kamaludin ameniambia kwamba wameniombea dua msikitini. Nakila. Sina namna. 

Mitende iko karibu. Tangu nifike kisiwa hiki sijaikosa Meza ya Bwana siku ya Pasaka, na nina umri ambao mtu hahesabu Pasaka nyingi mbele yake. Je, nisimame nitubu kosa nisiloliona, ili mambo yaishe? Au nisimame niseme niliyoyaona Ijumaa ile, nao waonje walichonionjesha? Au nikae nyumbani nisali peke yangu na picha ya Mueni? Niwie radhi tena. Nitaupokea ushauri wako hata ukiwa mkali.

Mgane wa Faza

*

JIBU LA MSHAURI

Mzee wangu, shikamoo. Umeomba radhi mara nyingi mno katika barua moja, na hata radhi moja haikuelekezwa kwa mtu anayestahili. Tuanzie hapo.

Hukutenda dhambi kula magharibi. Funga ni yako na Mungu wako, na hakuna Maandiko yaliyosema adhana ikisikika chakula cha Mkristo hugeuka. Ulimstahi jirani, ukasali sala yako, ukala. Wewe umeisikia Injili miaka yote. Unajua vizuri Bwana wako alikuwa akiketi kula na nani, na akina nani walikuwa wakinung'unika mlangoni. Hilo limekwisha, usiliwaze tena.

Nakuonea huruma kwa yale ya njiani na ya mbele ya baraza la kanisa. Kuitwa Ustadhi na watu waliozaliwa ukiwa tayari unashika chaki ni utovu wa adabu, na yule mama wa kanzu amwombe Mungu ampe jambo bora la kuchangisha. Lakini mzee, wewe nawe! Uliwakuta watu wanakula kwa siri siku waliyotangaza wenyewe kuwa ya kufunga, ukawaomba radhi na kuwafungia mlango. Ukahukumiwa na watu hao hao, ukawashukuru. Huo si upole. Upole una mgongo. Ulichofanya wewe ni kuogopa kwa lugha nzuri.

Na kuogopa huko kumekufikisha pabaya kuliko unavyokubali. Wao walifunga madirisha wakajifanya wamefunga. Wewe umejifanya mgonjwa. Tofauti iko wapi? Iko hapa tu: wao walijilisha wenyewe, na wewe umemtwika jirani aliyefunga kupika vyungu viwili, na umeutia msikiti mzima katika dua ya maradhi ambayo hayapo. Katika kisa hiki chote, unafiki unaoweza kuuondoa kwa mkono wako ni huo mmoja. Ule wa Crispus si wako.

Kwa hiyo leo hii, usingoje kesho, nenda kwa Bi Fahima kabla hajatia chungu cha pili jikoni. Kamaludin awepo, naye asikie. Mwambie: sina presha, niliambiwa kanisani nisipokee chakula chako, nikaona haya kukwambia, nikakudanganya. Basi, ukome hapo. Usimpambie. Huenda akacheka, huenda akakasirika akakunyima uso siku kadhaa. Vyote ni haki yake, keti uvipokee. Hapo ndipo pa kuomba radhi, mzee, na hapo uiombe kwa nguvu zako zote.

Pili, mpigie simu kasisi wako kabla hajapanda boti. Anayetoa Ushirika ni yeye, si afisa mwenye ufunguo wa pili. Muulize waziwazi kama baraza linaweza kumzuia muumini asiende mezani kwa sababu ya futari. Mweleze ya kwako. Akikuuliza wewe binafsi kuhusu Ijumaa ile, jibu ukweli; asipouliza, usimpelekee.

Nawe usiniulize tena habari ya kusimama kanisani kuwataja walaji wa samaki. Najua una hamu. Umenisimulia mpaka ile karatasi juu ya benchi. Ukiwataja siku hiyo, watu watakumbuka samaki na kusahau swali, na utakuwa umejiunga na ule mchezo wa kutazama sahani za wenzako. Hebu fikiri kidogo: kwa nini walifunga madirisha? Waliogopa kuhukumiwa, kama wewe ulivyoogopa. Ni kanisa la watu wanaoviziana, na hata mwenyekiti wake hana pa kula kwa amani. Mfuate Crispus peke yake, mchana, umwambie ulichokiona, na kwamba hutakitangaza, na kwamba hutaki chochote kwake kwa kunyamaza huko. Kisha mwambie mpango wa kufunga mpaka saa tisa unawalemea watu wanaoshinda kazini, afadhali ujadiliwe wazi kuliko kuvunjwa gizani. Akikushukuru, vizuri. Akikubwatukia, umeshasema, ondoka zako.

Jumapili ya Mitende usijitolee kusimama. Ukiitwa kwa jina, simama ulipo, usiende mbele kama mshtakiwa, useme hivi: "Nilifunga Kwaresima yangu, nikala jioni chakula cha jirani yangu, na katika hilo sina la kutubu. Niliyekuwa nimemkosea nimekwisha kumwomba msamaha." Halafu keti. Wakikuuliza ni nani huyo, nyamaza. Maneno hayo uyaseme tu kama kwa Bi Fahima umekwishafika. Usipofika, huna haki ya kuyasema.

Kukaa nyumbani na picha ya mkeo, hapana. Mke wako alikuwa akisali katika chumba kile, na wewe si wa kuondolewa humo na watu ambao uhamisho utawaondoa mwakani. Wala usiende Pasaka ukajificha benchi la nyuma. Keti ulipozoea kuketi naye. Kasisi atakapowaita, inuka na wa kwanza, nenda mbele kwa mwendo wako wa kawaida, piga magoti, nyoosha mikono yote miwili, na usigeuke kutazama nani anakutazama.