Nilijifanya Simwelewi Bibi wa Kitanda cha Tisa

Mama mshauri, nisaidie, hili jambo nikilimeza linanikaba na nikilitema litaniumbua. Nasoma uuguzi mwaka wa pili, darasani tuko sitini na wanane na wa kabila langu ni mimi peke yangu, na siku ya kujitambulisha wenzangu walicheka lafudhi yangu wakanipachika jina Mlimani, basi nikajifunza kusema kama wao, na kwenye fomu ya chuo inayouliza nyumbani mnazungumza lugha gani nikaandika Kiswahili tu. Mwezi uliopita, tukiwa wodini kwa mazoezi, alilazwa bibi aliyevunjika paja, Kiswahili hajui hata neno, asubuhi akaanza kulia kwa lugha yetu, "Si mguu, ni kifua, pumzi haishuki," na muuguzi wa zamu akauliza, "Kuna anayemwelewa huyu mama?" nami nipo hapo na kipimajoto mkononi, wenzangu wawili wananitazama, nikanyamaza, wakadhani ni mguu, wakampa dawa ya maumivu, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho. Binti yake alipokuja kuchukua nguo alinisemesha kwa lugha yetu, "Mama alisema nini?" nikamjibu, "Samahani, sielewi," naye akaniomba radhi kwa kunisumbua. Sasa chuo kimeleta fomu nyingine, wanataka kujua nani anajua lugha gani ili wodi ziwe na wa kumwita, na mimi siwezi hata kushika kalamu. Niache uuguzi?

— Mlimani

Mwanangu, pole. Lakini pole yangu ni nusu, nusu nyingine ni ya huyo binti.

Sitakutwanga kwa methali ya mwacha asili, unaijua. Waliokucheka wana aibu yao, na chuo kinachohesabu makabila bila kukemea kejeli kina lawama yake. Ila siku ile aliyeulizwa ni wewe. Hukumuua bibi, huenda hata wangejua asingepona. Ulichomnyima ni nafasi, na usijidanganye kwamba ni kitu kidogo.

Kuacha chuo ni kukimbia, wala hakumfufui mtu. Fomu ijaze leo, kwa ukweli. Kesho mtafute mwalimu wako, mwende pamoja kwa mkuu wa wodi, useme ulichosikia na saa uliyokisikia. Wakikuadhibu, pokea. Wakikucheka tena, wacha wacheke, meno si kisu.

Kisha omba uonane na binti. Usimpigie simu, nenda. Zungumza naye kwa lugha yenu, mpe maneno ya mama yake yote, usipunguze hata moja, na usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, utakuwa umemtwika mzigo wako juu ya msiba wake. Akikufukuza, ondoka. Akikuuliza mama alilia kwa muda gani, mwambie.