Kichupa Chenye Mwandiko Wako

Mama,

Mwaka umetimia tangu ulipotuacha, asubuhi ile katika wodi ya wanawake, kitanda cha pembeni kabisa, karibu na dirisha. Tangazo hili lilitakiwa liwe fupi: picha yako na maneno matamu chini yake. Picha ipo, na maneno matamu yapo, maana unayastahili. Lakini kuna jambo tumelibeba mwaka mzima na limetuelemea. Leo tunalisema hapa, watu wakisikia.

Waliokujua wanajua kwamba kwa miaka thelathini na moja ulikaa nyuma ya dirisha la dawa, ukihesabu vidonge vitano vitano kwa kisu butu juu ya sinia. Mtu hakuondoka dirishani kwako kabla hajarudia maelezo. "Haya, niambie wewe sasa. Unameza vingapi? Saa ngapi? Ni vya nini?" Aliyebabaika alianza upya, hata kama foleni imefika getini. Mtaani wakakupachika jina la Bibi Baada ya Kula, nawe ukaliitikia bila kinyongo. Hata nyumbani, ukimtuma mtu chumvi dukani, sharti arudie kwanza.

Ulikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Ukitoka kazini ulipitia kwa wazee wasioona vizuri, ukawasomea maandishi ya kwenye pakiti zao. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kuonewa huruma hukupenda hata kidogo.

Ugonjwa wa kusahau ulipokuingia ulianza na majina yetu. Kazi yako haukuigusa. Kila mchana ulivaa koti lako jeupe ukaenda kugonga geti kwa ndani: "Nifungulieni, watu wamepanga foleni tangu asubuhi!" Ulilia, ukatuita wezi. Kitinda mimba wako, msusi, alikuwa akisukia barazani, na wateja wakaanza kumkimbia. Kifungua mimba, fundi umeme, aliitwa akiwa juu ya ngazi kwenye nyumba za watu aje akurudishe ndani. Mimi wa kati, mwalimu, ninayeshika kalamu hii, nilisahihisha madaftari nikiwa nimeziba masikio kwa pamba. Tulichoka, Mama. Kuchoka hatukuonei aibu. Tunachokionea aibu ni kilichofuata.

Daktari alitupa vidonge vya kukutuliza: nusu kidonge jioni, kwa siku kumi tu, kisha turudi akuone. Akatutajia na hatari zake: usingizi mzito, kizunguzungu, kuanguka. Tukatikisa vichwa kuitikia. Yeye hakutuambia turudie maelezo.

Ulivikataa. Ulikiweka kidonge kiganjani, ukakisogeza kwenye mwanga.

"Hiki sikijui. Ni cha nini?"

"Cha kukutuliza, Mama," nikasema.

"Kwani mimi nina fujo gani?"

Ukakirusha chini ya kochi.

Ndipo kitinda mimba akakumbuka kichupa chako cha dawa ya presha. Lebo yake uliiandika mwenyewe kabla ugonjwa haujakuanza, kwa herufi zako kubwa zilizosimama wima: PRESHA. KIMOJA ASUBUHI, BAADA YA KULA. Tukavimwaga vidonge vya presha kwenye bahasha, tukatia kichupani vile vya kukutuliza. Kesho yake tukakukabidhi kichupa mkononi. Ulisoma lebo kwa kidole, neno baada ya neno.

"Huyu aliyeandika ni mtu makini," ukasema, ukameza.

Sisi tukaenda kucheka jikoni. Tulipongezana, Mama. Tulijiona tuna akili.

Siku kumi zikawa miezi saba. Nusu ikawa kizima, kizima kikawa viwili, asubuhi na jioni. Kwa daktari hatukurudi. Tulinunua kwenye duka la mbali, ambako hawakuuliza kitu. Vya presha vilibaki kwenye bahasha, tukakupa tulipokumbuka, sisi tuliokuwa tukikuita msahaulifu. Koti jeupe likabaki msumarini. Ulishinda kwenye kiti, kidevu kimeegemea kifuani, udenda ukikutoka. Siku moja mdogo wako, Mama Mdogo wetu, alikuja kukuona akashtuka.

"Mbona amezima hivi?"

"Ametulia, Mama Mdogo," tukamjibu. "Ndiyo ugonjwa wenyewe."

Uliangukia mlangoni mwa bafu saa nne asubuhi, nyonga ikavunjika. Hospitalini muuguzi akauliza unatumia dawa gani. Kifungua mimba akatoa kichupa. Muuguzi akasoma, akaandika "presha" kwenye faili, akatuambia tuendelee kukupa. Tulisimama watatu kando ya kitanda, kila mmoja akiangalia viatu vyake. Tukaendelea kukupa siku mbili zaidi. Siku ya tatu nilimfuata daktari wa wodi koridoni nikamwambia ukweli. Hakufoka, na mimi nilitamani afoke.

Akaanza kuvipunguza vidonge vile kidogo kidogo. Wiki ya pili ukafumbua macho, ukadai chai, ukalalamika kwamba haina sukari. Muuguzi akakuletea dawa.

"Ni ya nini?"

"Ya maumivu ya mguu, Bibi."

"Vizuri. Ukiniambia nameza."

Kisha ukamgeukia mgonjwa wa kitanda cha jirani, ukamtaka akutajie dozi yake, naye alipokosea ukamrudisha mwanzo. Wodi nzima ilicheka. Sisi hatukuweza kucheka. Tulikuwa tumeona kwamba miezi saba yote ile ulikuwemo humo ndani, na sisi ndio tuliokufungia.

Tukapiga magoti tukakuomba radhi. Nilikueleza yote: kichupa, bahasha, kile kicheko cha jikoni. Ulisikiliza umeinamisha kichwa upande mmoja, kama ulivyowasikiliza wagonjwa. Hukujua sisi ni nani.

"Mlimfanyia hivyo mama yenu?"

"Ndiyo."

"Sasa mnaniomba mimi radhi ya nini? Nendeni mkamwambie mwenyewe."

Siku nne baadaye kifua kikakubana, ukaondoka.

Msibani watu walitushika mikono. "Mlimtunza mama yenu," walisema, na sisi tukaitikia asante. Nanyi majirani, jamaa, wafanyakazi wa zamani wenzake Mama: sifa zile hazikuwa zetu. Tunaomba mzichukue.

Unakumbukwa na wanao watatu, fundi umeme, mwalimu na msusi. Na mkazamwana wako, aliyetukanya mapema tukamwambia hayamhusu. Na wajukuu zako sita, ambao wameshaelezwa. Unakumbukwa na Mama Mdogo. Yeye tulimwambia mwezi uliopita, na hajaongea nasi tangu siku hiyo.

Hatutakusahau kamwe. Ulitutuma tukamwambie mama yetu. Mama, ni sisi wanao. Tulikudanganya.